Kija Aliposhuka Shimoni

Watu wa Kibaoni, ambao hawajawahi kukamata hata mjusi, walikuwa wakisema chama cha nyoka ni Frimasoni ya wachunga ng'ombe. Walisema ukipanda ngazi unatoa mtoto, halafu unalipwa mifugo. Upuuzi mtupu. Mimi Kandida nimepika komoni hapa Idete tangu nikiwa msichana, na Wasukuma walipofika bondeni kwetu niliwauzia pombe kama nilivyowauzia Wandamba wenzangu. Katika wote waliokalia benchi langu, hakuna niliyempenda kama Kija. Kwa hiyo nitasema ninachokijua, na asiyetaka aende akasikilize ya Kibaoni.

Kija alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza na hasira za karibu. Ukimpunjia pombe alikuwa hagombani, anachukua kopo analimwaga miguuni pako, kisha anakaa kungoja jingine. Alikuja na mumewe, Nkwabi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakiswaga ng'ombe kutoka huko kwao Usukumani. Nkwabi alikuwa kinyume chake kabisa. Mtu mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema, na alipokuwa akinywa alipenda kutusimulia jinsi mkewe alivyompiga siku ya harusi. Alikuwa mtu wa chama cha nyoka, na ndiye aliyemwingiza Kija.

Chama hicho kina ngazi. Wa ngazi ya kwanza anachanjwa, anafundishwa kumshika nyoka aliyeng'olewa meno, anacheza naye ngomani watu wakatupa fedha. Wa ngazi ya pili wanaitwa walioshuka, kwa sababu wameshuka shimoni. Ya shimoni hayasemwi kwa yeyote ambaye hajashuka, hata akiwa mwenzao wa ngazi ya kwanza, na mambo yasiyosemwa watu huyajazia wenyewe. Sisi tuliamini, na wao wa ngazi ya kwanza waliamini vilevile, kwamba aliyeshuka anaweza kumtuma nyoka. Anamtajia nyoka jina la mtu, nyoka anakwenda usiku na mchana mpaka amkute. Kija naye aliamini hivyo. Lishikeni hilo, maana yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Mwaka tisini na tano, mpunga ukiwa umeiva na watu wameanza kunoa visu vya kuvunia, ng'ombe waliingia mashambani. Walikuwa wengi, wa wenyewe mbalimbali, na vijana wetu hawakuuliza nani ni wa nani. Walitoka na mapanga na mikuki ya kuulia nguruwe. Wachungaji wakatoka na fimbo na pinde. Walipigana ndani ya maji ya magotini, wakikanyaga kile kile walichokuwa wakikigombea. Niliona ng'ombe aliyekatwa mishipa ya nyuma akijikokota kwa miguu ya mbele, analia kama mtu. Niliona kijana wa watu ameshikilia mshale uliomwingia shavuni na kutokea upande wa pili, anatembea tu, hajui aende wapi. Nilikimbia, sioni aibu kusema.

Nkwabi alikuwa upande wa pili wa tuta, na mkononi alikuwa na fimbo ya kuchungia tu, anajaribu kuwatoa ng'ombe wake. Kija alikuwa anakuja kumsaidia. Aliona mtu akimjia mumewe kwa nyuma. Panga la kwanza lilimpata Nkwabi begani, akageuka, akanyoosha mkono kama anayetaka kuzungumza. La pili lilimpata shingoni. Alianguka kwenye mpunga, na alipokuwa akitapatapa mashuke yalikuwa yakitikisika juu yake, kisha yakatulia. Aliyelishika lile panga, Kija alimtazama usoni. Alikuwa Fridolin.

Sasa, Fridolin ni mtoto wa mama yangu mdogo, Luciana. Tumekula sahani moja. Polisi walipokuja walichukua vijana wengi, wakawahoji, wakawaachia. Kila mmoja alidai alikuwa akipigana na mwingine, mahali pengine. Mama mdogo aliapa kwa jina la Bikira Maria kwamba mwanawe siku ile alikuwa na homa, amelala ndani. Kija alisema aliyoyaona, akaambiwa mjane mwenye uchungu huona mengi na watu waliojaa matope hufanana. Mimi nilikuwa nimekimbia, sikumwona aliyekata. Fridolin mwenyewe alikuja kwangu akaapa si yeye, huku akila chakula changu vizuri tu, nikabaki namwamini nusu na nusu.

Haukupita muda Kija alikuja akakaa kwenye benchi.

"Nitashuka," akasema.

"Utashuka wapi?"

"Shimoni. Nikishapanda kutoka huko, ndugu yako hatamaliza msimu."

Nilimwambia aogope Mungu. Akanimwagia komoni miguuni, na safari hii hakungoja kopo jingine.

Mkubwa wa chama upande wetu alikuwa Shigela, mzee mkavu, bahili wa tumbaku, aliyewahi kukata miwa mashambani huko Kidatu mpaka alipochoka. Alimkataa. Alimwambia wanawake wamewahi kushuka, lakini yeye hashushi mtu aliyekuja na jambo lake moyoni. Kija hakubishana. Alimlimia mahindi yake, akamkatia miti ya boma. Palipotajwa nyoka, yeye ndiye aliyekwenda. Ngoma ya chama ilipopigwa Kiberege sokoni, alicheza na koboko shingoni mpaka wauza samaki wakaacha meza zao. Kila alipokutana na Fridolin njiani alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa upole kabisa, na Fridolin alikuwa anapita huku anatazama majani.

Kiangazi cha mwaka tisini na saba, Kija alimkamata kifutu mkubwa kwa mkono wake, akampeleka akiwa mzima na meno yake yote. Hiyo ndiyo karo ya ngazi ya pili. Shigela akakubali.

Haya ya shimoni aliniambia mwenyewe baadaye, ingawa hayasemwi. Majina ya dawa hakunitajia na sikumwuliza, lakini maumivu hayakuwa siri. Walichimba shimo la kimo cha mtu ndani ya ua wa miiba. Wakamfunga kitambaa machoni, wakamshusha kwa kamba ya ngozi, juu wakafunika matawi. Kisha wakamshusha kifutu wake. Wenzake wa ngazi ya kwanza walikaa ukingoni wakapiga ngoma na kuchomachoma humo ndani kwa fimbo ndefu. Zilimpata mbavuni, zilimpata kichwani, moja ikampasua sikio. Zilimpata na nyoka pia, na kifutu hana subira akichokozwa. Alimuuma kwenye muundi. Kija alidhani ni ajali, akapiga kelele wamtoe. Juu wakaongeza ngoma. Si ajali, ndivyo ngazi yenyewe ilivyo. Dawa ya nyoka hufundishwi ukiwa mzima.

Shigela akashuka, akamtia kifutu mfukoni, akamfungua Kija macho, akaanza kumtibu polepole. Kila mzizi aliutaja na Kija alitakiwa kurudia jina lake, kazi yake, mahali unapochimbwa. Akikosea, mkono wa Shigela unasimama. Mguu ulikuwa unavimba mpaka ngozi ikang'aa, anatapika, anarudia majina, anatapika tena. Alijinyea, na aliniambia hivyo hivyo bila kuficha. Katikati ya hali hiyo akaapishwa: "Nikiitwa kwa aliyeumwa, nakwenda. Awe ndugu, awe adui, awe aliyenitukana jana. Nisipokwenda, sumu hii iliyomo mguuni mwangu iamke." Akaapa. Angeapa chochote.

"Basi," Shigela akasema. "Umeshuka."

"Na kutuma, baba?"

"Kutuma nini?"

"Nyoka. Nikitaka kumtuma kwa mtu, nasemaje?"

Shigela akacheka. Mzee yule hakuwa na akili ya kujua wakati wa kucheka. "Kija, nyoka hatumwi. Hata kusikia hasikii. Sisi kazi yetu ni kutibu, na ngazi ya pili ndiyo hii uliyoipata. Hayo ya kutuma ni maneno ya watu. Tunawaacha waamini ili watuogope kidogo."

Mle shimoni mlikuwa na jembe lililotumika kulichimba. Kija aliushika mpini akiwa amekaa, mguu mmoja haunyanyuki, akampiga Shigela mdomoni. Meno ya mbele yakaingia ndani. Akampiga tena, bega likalia. Wale wa juu walisikia kishindo, wakadhani ni sehemu ya mambo ya ngazi ya pili ambayo wao hawajaambiwa, wakazidisha ngoma. Alimpiga kwa ile miaka miwili ya kulima mahindi yake. Alipochoka, Shigela alitema damu na vipande vya meno kwenye kiganja, akavitazama.

"Piga," akamwambia, "lakini umekwisha apa."

Kija alikaa kwangu mpaka mguu ulipokubali kukanyaga. Hasira zilikuwa zimemkausha. Alikuwa analala anatazama paa, ananiambia, "Kandida, nimekwenda kutafuta mkuki, nikapewa bandeji." Nilicheka, akanirushia kibuyu, kikanipata kwenye paji la uso. Kovu ninalo mpaka leo.

Halafu ikaja ile mvua, mwanzoni mwa tisini na nane, ambayo kila mtu bondeni aliita Elnino. Mto uliacha njia yake ukaingia mashambani, kisha majumbani. Watu walipanda juu, na nyoka nao walipanda juu. Mimi nilimkuta mmoja ndani ya pipa langu, amekunywa komoni amelala. Pale Idete palibaki mwinuko mmoja mkavu, na huo ndio waliokimbilia wakulima na wachungaji, watu waliokuwa hawasalimiani tangu mauaji. Walipigania kila hatua ya ardhi kavu. Kibanda cha Msukuma mmoja kilichomwa mvua ikinyesha, na asubuhi iliyofuata Mndamba aliyedhaniwa kukichoma alikutwa na mikono yote miwili imevunjwa. Nakumbuka harufu ya mahali pale, mavi ya ng'ombe na mpunga uliooza, na watu wamekaa na mapanga mapajani wanatazamana.

Fridolin alikuwa amekataa kuliacha dungu lake huko shambani, pale juu alipohifadhi magunia ya mpunga wa mwaka uliopita. Aliingiza mkono kati ya magunia, kifutu akamuuma. Kaka yake, Venance, alimleta kwa mtumbwi, mkono umevimba umekuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, anaunguruma kama mnyama. Barabara ya Ifakara ilikuwa imekatika, na mtumbwi wa mwisho uliojaribu kwenda hospitali ulirudi kifudifudi bila watu wake.

Mama mdogo Luciana alinishika miguu. "Mwanangu Kandida, wewe ndiye rafiki yake. Mwite yule mwanamke."

"Mama mdogo, unajua unachokisema?"

"Mwite!"

Nilikwenda. Kija alikuwa upande wa wachungaji, anakamua. Sikumtaja mtu. Nilisema, "Dada, kuna mtu kaumwa na nyoka." Akaacha ng'ombe hapo hapo, akachukua mfuko wake wa ngozi, akautundika begani. Ndipo akauliza.

"Nani?"

"Fridolin."

Alinipiga kofi nikaanguka kwenye matope. Akanifuata chini, akanipiga tena, anapiga kelele kwa Kisukuma maneno ambayo sikuyaelewa na nashukuru sikuyaelewa. Ng'ombe wakakimbia. Kisha akaniacha, akasimama ameshika nguzo ya boma kwa mikono miwili, mgongo unapanda na kushuka. Nilidhani anatapika. Mfuko ulikuwa bado uko begani.

"Simama," akasema. "Nionyeshe alipo."

Alichukua na panga. Walipomwona anakuja na panga, Venance hakungoja maelezo, alimpiga kwa pondo la mtumbwi begani, pigo la kumwangusha ng'ombe. Kija alipiga goti, akainuka, akaendelea kutembea. Venance akainua tena. Nilimrukia nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, na mama mdogo naye akamning'inia shingoni anamlilia amwache. Panga lilikuwa la kukatia miti ya kumfunga Fridolin. Alimfunga mikono na miguu kwenye miti minne, akamwekea goti kifuani.

Fridolin alifungua macho, akamwona nani amemkalia. Alilia. Alimwita mama yake, akaita watakatifu wote. Kija alimchanja kwa wembe mkono mzima, si kwa ustaarabu, akamsugua dawa nyeusi ndani ya damu mpaka Fridolin akazimia. Alipozinduka akambana taya kama unavyomlisha ndama dawa, akammiminia. Akitapika, anampiga kofi, anammiminia tena. Alikaa naye hivyo hadi uvimbe ukaacha kupanda. Hakula. Nilimpelekea uji akanitazama kana kwamba hanijui.

Fridolin hakufa. Maji yalipopungua alipelekwa hospitali, wakamkata vidole viwili vilivyokuwa vimekufa. Muuguzi alituambia nyoka huyo mara nyingine huuma bila kutia sumu ya kuua, na kwamba zile chale nusura zimwoze mkono wote. Inawezekana. Mimi najua tu kwamba Kija alikwenda, na aliporudi nyumbani mwake alikaa ndani muda mrefu na hakuna aliyeruhusiwa kuingia, hata mimi.

Mambo yangeweza kuishia hapo, laiti Shigela asingeleta ujumbe. Kwa desturi ya chama, mtu aliyetibiwa na aliyeshuka ni mtoto wa aliyemtibu. Ni lazima aingie ngazi ya kwanza mikononi mwake, la sivyo nyoka wa pili hatamkosa. Fridolin aligoma. Halafu akamkuta kifutu chini ya mkeka wake, jambo la kawaida tu mwaka ule, nyoka walikuwa kila mahali. Lakini nani angemwambia? Mama mdogo ndiye aliyemlazimisha. Baada ya mavuno alimsindikiza yeye mwenyewe, amempikia wali na kuku wa kula baada ya shughuli, na mimi nikamfuata kumbebea kikapu.

Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Tuliambiwa tusio wa chama tukae nje ya ua. Kija alikuja akatazama tulipokaa, akasema, "Shikamoo, mama," na mama mdogo akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ndogo. Kisha Kija akatuonyesha mahali pengine, karibu kabisa na miiba, penye nafasi ya kuona na kusikia vizuri. Mama mdogo alishukuru, alidhani ni heshima.

Ndani, Fridolin alilazwa kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe, mgongo wazi. Shigela, kwa mdomo wake usio na meno ya mbele, alieleza utaratibu. Anayeingia lazima ateme jambo aliloficha watu wote, maana chama hakimpokei mtu aliyefungwa kwa ndani. Mzazi wake atampiga mpaka atakaporidhika kwamba limetoka. Litakalotemwa juu ya ngozi linabaki juu ya ngozi. Hakuna mwanachama atakayelipeleka polisi, wala kulilipiza, wala kulisema nje.

Nikamtazama Kija. Alikuwa ameshika fimbo ya mkole, mbichi.

Pigo la kwanza lilipotua, Fridolin alitema haraka haraka: aliiba mgono wa samaki wa jirani. Watu wakacheka, hata mama mdogo alitabasamu. Kija akapiga. Fridolin akatema kwamba aliwahi kufungulia maji ya shamba la mwenzake usiku yakapotea. Kija akapiga. Akatema mke wa Jofrey. Watu wakashangilia, wakadhani limetoka, Shigela akanyoosha mkono kupokea fimbo. Kija hakumpa. Alipiga, na sasa mapigo yalikuwa tofauti, anapumua kabla ya kila moja. Ngozi ya mgongo ikapasuka. Vicheko vikaisha. Damu ilikuwa inamrukia Kija kwenye kanga, na Fridolin alikuwa ameng'ata ngozi ya ng'ombe anapiga kelele ndani yake.

"Kija," Shigela akasema, "inatosha."

"Mimi ndiye mzazi. Haijatoka."

Mama mdogo alianza kuvuta miiba kwa mikono apite. Nilimshika kiuno. Alinipiga na viwiko, analia, "Anamuua! Anamuua mwanangu!" Kija alimsikia, nina hakika alimsikia, maana aligeuza uso akatutazama. Kisha akainua fimbo juu kuliko mwanzo.

"Nilimkata mimi!" Fridolin akalia. "Nkwabi. Nilimkata kwa nyuma. Alinyoosha mkono, nikamkata tena. Mama alijua sikuwa na homa."

Mbuzi wa Shigela tuliwasikia wakitafuna. Mama mdogo aliacha kunipiga. Mikono yake ilikuwa imejaa miiba, akaitazama, akakaa chini polepole. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mtakatifu wa kumtaja. Sisi tuliokuwa nje hatukuwa tumeapa chochote, ndiyo maana ninaweza kuyasema haya, na naamini Kija alikuwa amelifikiria hilo tangu alipotuonyesha mahali pa kukaa.

Aliishika fimbo kwa mikono miwili sasa. Wanaume wawili walimwendea.

"Niacheni," akasema. "Ni mwanangu."

Akaishusha. Haikutua kichwani. Ilitua ardhini kando ya sikio la Fridolin, ikatua tena hapo hapo, na tena, anapiga udongo kwa nguvu zake zote mpaka fimbo ikakatika na kipande kikaruka nje ya ua. Alisimama na kile kilichobaki. Kija hakuzaa na Nkwabi, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mama.

"Bado jina," Shigela akasema, kwa upole nisiomjua nao. Ndivyo ilivyo, aliyetibu humpa mtoto jina la chama, na mtoto huitika kila atakapoitwa kwa jina hilo, siku ile yote hadi jua lizame. Asipoitika hata mara moja, jina halikushika, anarudishwa kwenye ngozi.

Kija alichuchumaa kando yake. Alimtazama muda mrefu, mgongo ule, mkono ule wenye vidole vitatu. Nadhani alikuwa amekwisha kuliandaa, nadhani alikuwa na hilo jina tangu mwanzo, aliona ndiyo adhabu atakayoibeba mtu yule mpaka kaburini.

"Nkwabi," akasema.

"Naam, mama."

Hakuwa amefikiri itasikika namna gani. Niliona uso wake ukivunjika. Alikaa chini, miguu imenyooka, akashika kichwa, na kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi kikamtoka, kile cha wanawake wa kwao cha kumwita marehemu arudi, aje awaone ng'ombe wake, aje amwone mkewe alivyobaki. Nkwabi wangu, Nkwabi, Nkwabi wee. Hakuna aliyethubutu kumnyanyua. Na Fridolin, kifudifudi juu ya ngozi, mdomo umejaa damu na manyoya ya ng'ombe, hakuthubutu kunyamaza. Kila Kija alipolitaja lile jina, aliitika.